Maji ya Redio

Gatuanyaga,
Jumamosi asubuhi.

Mpendwa shangazi yangu, Tata Idah,

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Baba, na nataka wewe uwe wa kwanza kulijua. Lakini sitaki useme kwamba sikufunzwa adabu, kwa hivyo nitakusalimu kwanza. Hamjambo huko Mugutha? Kifua chako kimepoa? Baba alituambia kwamba vumbi la nyumba mpya zinazojengwa karibu nanyi lilikuwa linakukohoza. Na Shosho, mama yenu, anaendeleaje? Najua hilo swali la mwisho linaweza kukukasirisha, kwa kuwa wewe ndiye unayemgeuza kitandani na kumlisha, na sisi tunauliza tu kutoka mbali. Naomba usome hadi mwisho hata ukikasirika.

Sisi hapa ni wazima. Mvua hatujaiona tangu kabla ya Krismasi, na bodaboda ikipita barabarani tunafunga madirisha kwa sababu ya vumbi. Niko Form Three sasa. Bado narudi nyumbani kila jioni, kwa sababu Baba anasema bweni ni la watu ambao hawana kwao. Simu sina, na ya Baba siwezi kuitumia kwa jambo hili, kwa hivyo nitampa kijana wako Mwas barua hii akija Jumanne kuchukua unga wa uji wa Shosho. Tafadhali usimgombeze akichelewa. Nitakuwa nimemchelewesha mimi.

Tata, wewe umeisikia redio yetu miaka hii yote lakini hujawahi kuiona. Ukiiona utacheka. Ni chumba cha mabati nyuma ya nyumba ya Mzee Gathogo, na ndani kuna meza, mashine moja yenye joto, na maikrofoni iliyovalishwa soksi ya mtoto. Nje kuna mlingoti wenye waya. Basi. Haipatikani kwa simu wala kwa hizi redio mpya ndogo. Lazima uwe na redio ya zamani yenye AM, na watu wa huku walizitoa stoo na kuzipangusa mavi ya kuku. Inasikika kama mtu anayekaanga kitu huku anaongea. Habari zake ni mbuzi wa nani amepotea, daktari wa ng'ombe atapita lini, na kwaya gani haina mtu wa besi. Ng'ombe wa Mzee Gathogo akilia, msomaji anangoja amalize. Nilikuwa naiwasha chini chini ninaposoma kitabu, na nilijisikia kama nimekaa jikoni na watu ambao hawanilazimishi kuongea. Hakuna mahali pengine nimewahi kujisikia hivyo.

Sasa nikueleze habari ya maji, kwa sababu ndiyo yenyewe. Mzee Gathogo anasema nguvu ya mashine yake ni ya kuwasha balbu tu, na kinachoibeba sauti ni ardhi. Amezika waya za shaba kuzunguka mlingoti, zimetawanyika chini kama mizizi. Ardhi ikiwa na unyevu, redio inafika Thika, na siku nzuri inafika hadi kwenu. Ardhi ikikauka, inachechemea. Na wewe unajua Gatuanyaga ilivyo. Kwa hivyo hapa salamu hazilipiwi pesa. Ukitaka jina lako lisomwe unaleta mtungi wa maji, maji yoyote, ya nguo, ya vyombo, hata ya kuoshea mtoto. Watu wakikuuliza unaenda wapi na huo mtungi, unajibu kwamba unaenda kunywesha redio. Redio ikikwaruza, lazima mtu aulize ni nani alileta nusu mtungi. Mama Nekesa, yule jirani yetu aliyetoka Bungoma, hupenda kusema kwamba siku hizi redio inanukia sabuni kuliko watoto wake.

Mitungi inawekwa langoni. Magoti ya Mzee Gathogo ni mabaya, kwa hivyo tangu mwaka jana kazi ya kumwaga yale maji chini ya mlingoti ni yangu, nikitoka shule.

Jinsi Baba alivyoingia redioni labda hakukuambia, maana hapendi kujisifu. Mota ya posho mili yetu, kile kinu cha kusagia unga, ilikuwa inaifanya redio ingurume. Mzee Gathogo akaja kumbembeleza awe anaizima mapema jioni. Baba akakubali, halafu akaenda kuona ni kitu gani hicho kinachomzuia kusagia watu. Akamkuta Mzee Gathogo ameketia miwani yake na kuivunja, akapewa kadi za salamu asome, na hajatoka hadi leo. Anaenda vile alivyo, unga hadi kwenye nyusi, na ndiyo maana wasikilizaji wanamwita Baba Unga. Mwisho wa kipindi chake unaujua kuliko mimi: anamsalimia mama yake kule Mugutha, anamuuliza kama amekunywa uji, kisha anamwambia, "Rara sarama."

Wewe ndiye uliyetuambia kwamba tangu Shosho apooze na kunyamaza, hayo ndiyo maneno pekee yanayomfanya ainue ule mkono mzima, na kwamba akishaushusha anakubali kijiko. Siku uliyotuambia, Baba alitoka nje akajifanya anaangalia mbuzi.

Sasa nikuambie ya shuleni, kule Thika. Wanaolala bweni hupanga foleni kwenye dirisha la jikoni kungoja chakula cha jioni, na mpishi anayo redio ya AM hapo dirishani. Mimi wakati huo huwa nimeshaenda nyumbani, lakini asubuhi nikifika nayakuta maneno ya Baba yamenisubiri. Mtu akisinzia darasani anaambiwa, "Rara sarama." Mwalimu wa hesabu akitoka nje tu, anasindikizwa na "Rara sarama, Mwarimu." Kosa hilo la kuchanganya L na R tunaliita kushrabu, na katika shule yetu ni afadhali ukamatwe ukiiba mkate kuliko ukamatwe ukishrabu. Mimi ni katibu wa Chama cha Kiswahili. Ninasoma risala mbele ya shule nzima, na kila L na kila R naikagua kabla sijaitoa, kama mtu anayekagua viatu vyake mlangoni mwa kanisa.

Rafiki yangu mkubwa ni Aoko, msichana wa kutoka Ruiru ambaye anaweza kumuiga mtu yeyote hadi mbwa achanganyikiwe. Siku moja aliniuliza kama huyu Baba Unga si wa kwetu Gatuanyaga, na kama namjua. Nilimjibu kwamba nimemsikia tu. Akaniambia, "Haya basi, hebu mfanye tuone." Nikamfanya, Tata. Nilimfanya vizuri kuliko Aoko, kwa sababu mimi najua anapumulia wapi. Walicheka, wengine wakaegemea ukuta, na mimi ambaye huwa sichekeshi mtu nilifurahi.

Nyumbani nilijaribu kumrekebisha Baba kwa upole. Nilimwambia ni "lala salama." Akajaribu, akatoa "rala," akatoa "lara," akacheka mwenyewe hadi unga ukamdondoka. Halafu akaniambia kwamba hata akiweza, mama yake akisikia hivyo atadhani ni mtu wa stima amekuja kukata laini.

Sasa nifike Jumatano hii uliyopiga simu. Nilikuwa naosha vyombo, nikasikia upande wa Baba peke yake, lakini wako niliweza kuukisia. Ulimwambia kwamba mwezi mzima sasa hamjamsikia. Kwamba Shosho anageukia ukuta ikifika saa ya salamu, na kijiko anakifungia meno. Nadhani ulimwambia pia kwamba anasalimia Gatuanyaga nzima kwa sababu ya maji ya sabuni na amemsahau aliyemzaa. Baba alisema, "Idah, nasema kira siku. Kira siku, kwa haki ya Mungu." Kisha akaniangalia, akaangalia simu, na ilikuwa imekatwa.

Aliketi kwenye gunia la pumba. Mimi niliendelea kusugua sufuria ambayo ilikuwa safi.

Siku iliyofuata alimwambia Mzee Gathogo kwamba atasoma hadi Jumamosi, basi, kwa kuwa sauti ambayo haifiki kwa mama yake haina kazi. Mzee Gathogo mwenyewe alikuwa ameshaifungua mashine na kubadilisha vitu ndani yake bila kupata ugonjwa wowote. Alijibu kwamba kama Baba anatoka, naye ataiuza kwa watu wa vyuma kuukuu, maana imezeeka kama yeye. Jumamosi ni leo.

Mashine si mgonjwa, Tata. Ni mimi.

Insha yangu ya Kiswahili mwezi uliopita ilikuwa ya kwanza katika shule zote za upande wetu. Nilimwambia Baba nikidhani tutafurahi tukiwa wawili. Aliwaambia wateja wote wa posho mili, kisha akaniambia kwamba kesho yake atalisema redioni, jina langu na la shule yangu, na kwamba Dianah Wangechi ni binti yake wa kumzaa. Nilimwambia si lazima. Akasema unyenyekevu ni mzuri lakini leo si siku yake.

Usiku kucha nilimwona mpishi akipandisha sauti pale dirishani. Nilimwona Aoko akigeuka.

Kesho yake jioni nilisimama langoni na mitungi yote ikiwa imejaa. Mlingoti uko kulia, na shamba dogo la sukuma wiki la Mzee Gathogo liko kushoto. Niligeukia kushoto. Nilitaka ardhi ikauke, redio ichechemee, isifike shuleni siku hiyo moja tu. Jua lilikuwa limeshanisaidia kiasi. Baba akatangaza jina langu kwa sauti ya kupasua soksi, na asubuhi shuleni hakuna aliyesema neno. Mpishi alikuwa amelalamika kwamba stesheni imejaa mvumo mtupu. Nilitembea siku hiyo nikiwa mwepesi.

Ningeweza kurudi upande wa kulia jioni hiyo. Sikurudi. Kila jioni nilijiambia kesho, na kila asubuhi nilipofika shuleni nikakuta wameanza kusahau "Rara sarama," niliona ni heri niongeze siku moja. Sukuma ilinawiri. Mzee Gathogo alitugawia, tukala, na Baba akasema kwamba hajawahi kuona mboga ya kiangazi kama hiyo. Nilikula pia.

Kuhusu Shosho, sitakudanganya. Ninajua ramani. Najua kwamba kwenu ni mbali kuliko shuleni, na kwamba redio ikishindwa kufika Thika haiwezi kufika Mugutha. Nililijua jambo hilo jioni ya kwanza nikiwa na mtungi mkononi, nikaliweka kando. Hilo ndilo linalonifanya nishindwe kumwangalia Baba. Ulimgombeza kwa kosa ambalo si lake, naye akakubali kuwa sauti yake imekwisha, na mimi nilikuwa pale pale nikisugua sufuria.

Naacha kuandika hapa. Nasikia mota imewaka.

Jumatatu jioni.

Tata, naendelea. Nilitaka barua iishie hapo juu, lakini ingekuwa nimekuambia wewe kwa karatasi ili nisimwambie Baba kwa mdomo.

Jumamosi nilienda posho mili. Ni siku ya watu wengi, foleni ilikuwa imefika barabarani, na mota ilikuwa inanguruma. Nilisimama karibu na Baba nikamwambia. Akaonyesha sikio kwamba hasikii. Nikarudia. Akainama, bado hasikii. Unajua mimi si mtu wa kupaza sauti. Walimu hunikalisha mbele kwa sababu hiyo. Nikavuta pumzi nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote, na katikati ya sentensi yangu Baba akazima mota ili anisikie vizuri. Kwa hivyo foleni nzima ilisikia kwamba nilimwaga maji kwenye sukuma ili baba yangu asisikike shuleni.

Kisha Mama Nekesa akauliza, "Yaani maji yangu ya nepi ndiyo tulikuwa tunakula na ugali?" Watu wakacheka, na mimi nikatamani wasingecheka, na pia nikashukuru.

Baba hakucheka. Aliniuliza ni nini chake kilichonitia haya. Nilimwambia ni "rara." Akaniuliza kama ni hiyo tu. Nikamwambia ndiyo, ni hiyo tu. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei, akawasha mota, akamalizia debe la yule mama aliyekuwa mbele. Mchana alinionyesha mitungi kwa kidole tu.

Nilimwaga yote iliyokuwa langoni. Nilienda kisimani nikateka mingine, na Mama Nekesa akaja na ya kwake akiniambia kwamba atasimama hapo aone kwa macho yake inaenda wapi. Ardhi ilikuwa imepasuka. Mwanzoni maji yalikuwa yanaingia kwa sauti, kisha yakaanza kusimama, na hapo Mzee Gathogo akasema inatosha, imeshiba. Hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba alikuwa amemtukana fundi mmoja wa Thika kwa simu kuhusu kifaa alichomuuzia, na kwamba nitamsindikiza kwenda kumwomba radhi.

Jioni Baba alisoma kadi zake. Mimi nilikuwa nje ya mlango, nikiwa nimelowa hadi magotini. Alifika mwisho. Alisema kwamba redio ilikuwa na kiu na sasa imekunywa. Akamsalimia mama yake, akamuuliza kama amekunywa uji. Kisha akanyamaza, hadi Mzee Gathogo akamtazama. Niliona midomo yake ikijipanga. Halafu akasema polepole, neno kwa neno, kwa sauti ya mtu anayesoma maandishi ya kigeni: "Lala. Salama."

Alilipata, Tata. Sawasawa kabisa. Na haikuwa sauti yake.

Sijui niliingiaje. Nilijikuta mezani, na nikamwambia, "Baba, sema vile unasemaga. Hatakujua." Sikukumbuka ile soksi. Maikrofoni ilikuwa wazi, na maneno yangu yalienda yote kule ambako maji yalikuwa yameyafungulia njia. Baba aliniangalia. Akaisogeza maikrofoni karibu, akasema, "Mama, huyo ni Wangechi wangu. Rara sarama." Kisha Mzee Gathogo akafunga.

Tulitembea kwenda nyumbani, naye akanibebea mtungi mtupu. Redio haijauzwa, na jana Jumapili Baba alisoma tena.

Tata, sijui kama ilifika Mugutha. Baba anaona haya kukupigia, nami naona haya zaidi yake. Tafadhali muwekee Shosho redio upande wa dirisha, na ukipenda umtume Mwas atuambie kama mkono uliinuka Jumamosi. Kama haukuinuka, tuambie pia. Na unaponigombeza, usimchanganye Baba humo, kwa kuwa alikuwa anakuambia ukweli.

Leo asubuhi nilifika shuleni nikamkuta Aoko ameningoja langoni. Alisema kwamba Jumamosi Baba Unga alirudi ghafla, sauti safi, na kwamba kulikuwa na msichana aliyeingilia kati. Msichana huyo alikuwa na sauti kama yangu, na aliitwa Wangechi kama mimi. Wengine walikuwa wamesogea kusikiliza. Nilimwambia ni mimi, na kwamba Baba Unga ni baba yangu. Aoko aliniuliza kwa nini nilimwacha amuige muda wote huo. Nilimjibu kwamba nilimuiga hata mimi. Leo hakukaa nami wakati wa chakula cha mchana. Nilikula peke yangu, nikaingia darasani, na nilipotoka nilikuja moja kwa moja hapa langoni kwa Mzee Gathogo, nikachukua mitungi, na nikaimwaga yote upande wa kulia.

Msalimie Shosho. Mshike ule mkono mzima kwa niaba yangu, umwambie nitakuja likizo ya Aprili nimlishe mwenyewe. Msalimie na Mwas, na wewe upone kifua.

Ni mimi mtoto wa kaka yako,
Dianah Wangechi Muriithi.